Migongo ya Sufuria

Nilitoka nyumbani kwa baba, kule mtaa wa Bel-Air, asubuhi moja bila kujua ninakwenda wapi. Nimetoka hivyo mara nyingi, na mara nyingi ni miguu tu ndiyo iliyonichokoza. Safari hii ilikuwa birika. Niliamka nikitaka chai, nikaingia jikoni, na mkono wangu ukaenda wenyewe mahali ambapo birika imekaa tangu nilipokuwa mtoto. Ukashika hewa. Meza ilikuwa tupu. Juu ya mbao zake yalibaki maduara meupe, moja kubwa, mengine madogo, mahali ambapo moshi wa miaka yote haukufika kwa sababu kulikuwa na kitu kimesimama. Sikuweza kubaki na maduara yale. Nikaweka simu mfukoni nikatoka.

Mchana wa jana yake mama mkubwa, dada wa mama yangu, alikuja na mkokoteni akachukua vyombo vyote vya jikoni, ili kesho yake avipandishe lori la kwenda kwao Pweto. Hakuiba. Kwa watu wa mama yangu, vyombo vya mwanamke vinafuata tumbo. Nyumba ni ya mume, kitanda ni cha mume, hata redio ni yake, lakini kilichopita kwenye moto kinarudi kwa wanawake waliotoka tumbo moja na marehemu. Mama angezaa msichana, vingebaki. Alinizaa mimi, na kaka yangu ambaye shimo la mgodi lilimfunika upande wa Kolwezi, na mwanaume hana sufuria.

Wana jambo jingine pia. Kuanzia siku ya kifo mpaka ndugu waje kuvichukua, vyombo vya marehemu vinakaa vimefudikizwa, midomo chini, migongo juu. Hakuna anayepika ndani yake, wala anayevigeuza kuchungulia. Muda wote wa matanga tulikula bukari, yaani ugali wetu, kutoka sufuria za jirani, na za mama zilikaa pale mezani zimetupa mgongo kama watu waliokasirika.

Baada ya mazishi baba aliniita uani. Ni mzee wa reli, aliyestaafu zamani, mtu wa maneno machache, na tangu mama afe yalikuwa yamepungua zaidi.

"Bamama yenu batakuya kuchukua bintu," alisema. "Sitakatala, njo sheria yabo. Lakini weye uko na telefone muzuri. Piga foto ya ile bintu mbele ya kuenda."

"Foto ya sufuria, baba?"

"Nitasahau." Alisema hivyo tu kwanza. Halafu akaongeza: "Mama yangu mwenyewe nilimusahau sura. Nikifunga macho, hakuna kintu."

Nilimwonyesha picha ya matanga iliyotundikwa sebuleni. Studio walikuwa wamekata kichwa cha mama kutoka picha ya kitambulisho wakakiweka kwenye mwili wa mwanamke mwingine, aliyevaa suti ya buluu, na nyuma yake maua ya kompyuta.

"Huyu mwanamuke simujue," baba alisema. "Yee hakuvalaka vile. Miye nilimujua na sufuria mu mukono."

Nikasema sawa, nitapiga.

Mimi si mpiga picha. Niliacha shule mapema, kabla sijajua kwa nini nilikuwa nakwenda, na tangu hapo nimefanya kazi ambazo mtu anazipata kwa kupita njiani: kubeba mizigo Kasumbalesa, kuchimba, kupaka rangi vibao vya maduka. Simu yangu niliinunua mkononi mwa mtu mpakani. Kamera yake ina ugonjwa: vitu vya mbali inavifanya ukungu, lakini ukiisogeza karibu, karibu kabisa, inaona mambo ambayo jicho halioni. Nilipogundua hivyo nilianza kupiga kila kitu kwa karibu. Kutu. Gome la mti. Ngozi ya kiwiko changu. Ninapenda kutojua ninachokitazama.

Basi niliingia jikoni kwa mama na ugonjwa ule wa simu, na ugonjwa wangu pia. Kuna dirisha dogo upande wa mashariki, na mapema jua linaingia limelala, linagusa meza ubavuni. Sufuria zilikuwa za aluminiumu, zile zinazoyeyushwa na kumiminwa kwenye mchanga na mafundi wa hapa hapa mjini, na mama alizisugua kila siku kwa majivu na mchanga. Mgongo wa sufuria ukiguswa na mwanga ule unakuwa shamba lililolimwa kwa matuta ya duara. Nilikaribia mpaka ukingo ukatoka kwenye picha, mpaka yakabaki matuta tu. Nilitundika chujio la chuma kwenye msumari, kivuli chake kikaanguka ukutani, matundu yote yakawa mvua iliyosimama hewani. Nilipanga uma na vijiko nikapiga vivuli vyake, nikaviacha vyenyewe. Vifuniko nilivipiga kutoka ubavuni vikiwa vimebebana, vikawa mistari ya fedha na giza, fedha na giza, kama kitambaa. Nilijilaza sakafuni chini ya meza. Sikulia mazishini, na pale chini sikulia pia, lakini nilikaa siku baada ya siku, na nilipokuwa nikitazama matuta yale ya majivu nilikuwa nikimwona mama kuliko kwenye ile suti ya buluu. Mkono wake ulikuwa mle. Nilijua baba atafurahi.

Hizo ndizo picha zilizokuwa mfukoni asubuhi ile. Nilitembea mpaka mjini kwa miguu, na nilipofika karibu na posta, maduka yakiwa yanafunguliwa, ndipo nilipopata wazo la kuzitoa kwenye karatasi. Baba ana simu ndogo ya vitufe, isiyoonyesha picha. Nikaingia katika kibanda cha studio. Kijana mwenye miwani akaunganisha simu yangu na mashine yake, akatazama, akaendelea kutazama.

"Mukubwa, telefone yako iko mugonjwa."

"Najua. Toa tu."

"Hii ni nini? Iko sawa ekografi ya mwanamuke wa mimba." Akaigeuza ile ya mgongo wa sufuria huku na huku. "Mutoto ni muke ao muume?"

Mwanamke aliyekuwa akisubiri picha za pasipoti akacheka, akasogea kuona. "Hapana, ni mwezi," alisema. "Angalia mashimo."

"Ni sufuria," nikasema.

"Sufuria ya nani inakuwa vile?"

"Ya mama."

Mwanamke akarudi mahali pake. Kijana akazitoa, akazipanga vizuri, akazitia ndani ya mfuko wa plastiki kama vile ni picha za arusi.

Nilirudi Bel-Air mchana. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi lake ukutani, mkate pembeni yake umeumwa mara moja, nzi juu yake. Nilimpa picha nikakaa chini nisubiri. Alizitazama moja moja. Alizisogeza mbali, akazileta karibu. Alivua kofia kana kwamba inamzuia kuona.

"Hii ni nvula?"

"Ni chujio, baba. Kivuli yake ku ukuta."

"Ah." Akachukua nyingine. "Na hii?"

"Sufuria ya bukari. Ile kubwa."

"Sufuria ya bukari iko na masikio mbili. Masikio iko wapi?"

"Nilikaribia sana."

"Na ile sufuria ndogo?"

Nilimwonyesha. Lilikuwa tuta moja jeusi na tuta moja jeupe, na alama kama ya kucha. Kwangu ilikuwa picha bora kuliko zote. Alipitisha kidole gumba juu yake taratibu, akitafuta kwa kugusa kitu ambacho macho hayakupata.

"Mutoto yangu," alisema, "miye nilikuwa nakulaka mu ndani. Kila siku aliniletea, aliweka hapa, nilifunua, niliona ndani. Mugongo yake sikuionaka. Yee njo alikuwa anaona mugongo."

Sufuria zilikuwa zimefudikizwa, nikapiga kilichokuwa juu, na sikuwaza hata mara moja kwamba mtu anayekula na mtu anayepika hawaijui sufuria moja. Baba alizirudisha picha ndani ya plastiki, akazipanga kingo sawasawa, akanipa.

"Hizi uchunge weye," alisema. Halafu, akitazama lango: "Kamyo imeshaenda?"

"Sijue. Kamyo haitokake saa yenye banasema."

Hakuniambia niende. Alichukua mkate akaupuliza nzi, akauweka tena palepale. Nikasimama.

Lori lilikuwa bado. Lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa jumla, mtu wa Kivu, linalopeleka chumvi, sabuni na sukari Pweto na kurudi na samaki wakavu, na lilikuwa limeegeshwa mbele ya bohari yake huku vijana wakifunga turubai. Mama mkubwa alikuwa ameshakaa juu ya magunia pamoja na wanawake wengine wa biashara ya samaki, kitambaa cha matanga bado kichwani. Aliniona kabla sijamwona.

"Uliacha kintu?"

"Mama mukubwa, naomba nione sufuria. Foto tu, halafu naenda."

"Si ulipiga foto muda wote ule? Nilikukuta umelala chini ya meza sawa fundi wa motokari."

"Baba hazijui."

"Hazijui?" Akawageukia wenzake. "Munasikia? Mwanaume anakula mu sufuria ya mwanamuke mpaka meno inaisha, na sufuria yenyewe haijui."

Wakacheka, si kwa ubaya. Mmoja akasema wa kwake hajui hata mlango wa jiko uko upande gani. Dereva, aliyekuwa akikagua gurudumu, akasema bila kuinua kichwa:

"Ile gunia ya bintu iko chini ya chumvi yote. Siwezi kutoa. Kama unaitaka, panda, utaiona Pweto. Utashusha mizigo, njo tiketi yako."

Nikapanda. Nilikuwa na simu, picha kwenye plastiki, na shati nililovaa. Nimeshapanda malori kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Nilimpigia jirani yetu, mama mmoja anayeuza vitumbua mbele ya lango letu, nikamwomba amwambie baba, na amwangalie ale.

Barabara ya Kasenga kwanza inakudanganya kwa lami, halafu inakuonyesha sura yake. Vumbi, mashimo, daraja ambalo abiria wote wanashuka na kulivuka kwa miguu wakiliangalia lori kama mgonjwa anayepelekwa kupasuliwa. Kesho yake, baada ya Kasomeno, gurudumu lilipasuka tukakaa kando ya njia, jua likiwa kali, kila mmoja akitafuta kivuli cha lori. Mama mkubwa alikaa karibu yangu.

"Leta hizo foto nione ulichoharibu."

Nilimpa. Alianza kuzipitia haraka, kama anayechambua mchele, halafu akapunguza mwendo.

"Hii ya bukari," alisema. "Hii birika. Hii iko kifuniko ya ile yenye ilipasuka." Hakuuliza hata moja. Alipofika kwenye ile ndogo, yenye alama ya kucha, aliinua karatasi ikapata mwanga.

"Angalia mistari inaenda upande gani," alisema. "Alikuwa anasugua na mukono ya kushoto. Kama ni miye, ingelala huku. Mama yetu alimupigaka sana juu ya ile mukono. Tulikuwa tunaosha pamoja ku muto, miye na yee, yee anageuza sufuria namna yake, maji inanirukia miye. Kila siku tuligombana."

Wenzake walikuwa wakisikiliza, hakuna aliyecheka. Akaitazama tena kwa muda, kisha akaiingiza kifuani ndani ya nguo, nyingine akanirudishia.

"Hii nachukua," alisema. Aliegemea gurudumu akafunga macho, na machozi yalitoka macho yakiwa yamefungwa hivyo hivyo.

Nilielewa hapo kwamba sikukosea picha. Nilikosea mtu. Na haikunisaidia chochote, kwa sababu mtu aliyeziomba alikuwa amekaa kwenye benchi Bel-Air, na kila saa iliyopita ilikuwa inamfutia kitu.

Pweto tulifika alasiri ya siku iliyofuata. Ziwa lilikuwa la kijivu, na harufu ya samaki ilitukuta kabla ya nyumba ya kwanza. Wanawake wa ukoo walikuwa wanasubiri kando ya bohari, wengine wamekaa juu ya ndoo, kwa sababu habari za lori zinafika kabla ya lori. Nilitaka kuchukua gunia la vyombo nivipange mahali kwanza, lakini dereva alinikumbusha tiketi yangu. Chumvi inatangulia. Nilibeba magunia kuingia ndani, kutoka, kuingia tena, na kila nilipotoka niliona kwa kona ya jicho kwamba gunia la mama limefunguliwa.

Hawakugombana. Mama mkubwa alikuwa akitoa chombo, anakigeuza mdomo juu, anatia konzi moja ya unga wa muhogo ndani, anamkabidhi mwanamke, na huyo anakipokea kwa mikono miwili na kuondoka nacho njia yake bila kugeuka nyuma. Ndivyo chombo kinavyotolewa msibani. Siwezi kusema haikuwa nzuri kutazama. Lakini kila mgongo uliopotea nyuma ya ukuta wa udongo ulikuwa unaondoka na kumbukumbu ya baba yangu.

Nilipoweka gunia la mwisho na kukimbia, ilibaki sufuria ya bukari, fungu la mama mkubwa mwenyewe, na chujio ambalo hakuna aliyelitaka.

"Sikuweza kubakataza," alisema mama mkubwa. "Batu banatoka mbali. Haya, piga."

Nilisimama juu ya sufuria kama mtu anayetaka kula. Nilipiga kutoka juu, masikio yote mawili, mdomo wazi, unga ndani. Nilihakikisha ni picha ya kawaida kabisa. Nilipoitazama, niliona sufuria. Ingeweza kuwa ya soko lolote, ya mtu yeyote. Mama hakuwamo hata kidogo. Nikaituma kwa jirani.

Nilikaa kwenye jiwe nikisubiri. Watoto walikuja kunitazama wakachoka wakaenda. Mwishowe ikaja sauti, si maandishi. Kwanza jirani akimwelekeza baba, "Sema hapa, papa, anasikia." Halafu pumzi zake. Halafu:

"Ya bukari njo hiyo. Nimeiona." Benchi lake likalia. "Alikuwa anakamata ile sikio ya huku na kitambaa, juu ya moto. Mukono ya kushoto. Nimeona." Nikasikia kuku wa uani kwetu. "Lakini ile ndogo, yenye alikuwa ananiwekea mboga ya lengalenga. Ndani yake chini ilikuwa na kovu, sawa ndizi. Ile haiko. Na birika haiko." Na baada ya hapo, kama anayemwambia mtu mwingine: "Nitangojea."

Nilimsikilizisha mama mkubwa. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akavuta kitambaa chake vizuri.

"Ile ndogo imeenda na mutoto ya dada yetu, kule ku mabanda ya samaki," alisema. "Birika imeenda juu, njia ya mlima. Kifuniko, mwenye aliichukua sijue kama atakaa hapa ao atavuka ziwa."

"Kesho nitaenda kupiga."

"Utapiga nini? Utaingia mu jiko ya mwanamuke na telefone, umwambie leta sufuria nione? Batakufukuza na mwiko. Hapa utaenda kusalimia. Utaikala. Batakupikia mu ile ile sufuria, siku yenye batapenda, na utakula. Ukimaliza kula, njo utapiga."

"Na kama hawanipikii upesi?"

"Basi utangojea. Si baba yako amesema anangojea?"

Nyumbani kwake hapakuwa na nafasi. Wageni wa matanga walikuwa wamelala mpaka barazani. Alinipeleka kwa mjane mmoja anayepangisha vyumba nyuma ya nyumba yake, karibu na ziwa. Chumba kilikuwa kimehifadhi samaki mpaka juzi yake. Harufu ilikuwa imeingia kwenye udongo wa kuta, na chumvi ilikuwa imechora mawimbi meupe kuanzia sakafuni mpaka usawa wa goti. Kulikuwa na kitanda cha mbao bila godoro na dirisha lisilofungika vizuri. Mwenye nyumba alikaa mlangoni na ufunguo umefungwa kwenye ncha ya kitenge chake, akawa anafungua fundo kwa meno.

"Utaikala siku ngapi?" aliuliza.

"Sijue, mama. Mpaka nimalize kula."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa ambaye hajaambiwa. Kisha akamtazama mama mkubwa, ambaye hakucheka, na akanipa ufunguo.